F5 si dawa, na laptopu yako haijazimika: imani za Windows 11 ninazokutana nazo River Road

Ukikaa dakika kumi kwenye benchi ya chumba changu cha kutengenezea kompyuta, hapa River Road, Nairobi, ghorofa ya pili, utasikia kidole kikigonga kitufe kimoja: F5, F5, F5. Mteja anangoja mashine iamke, basi anairefreshi. Wengine wanatumia kipanya, bofya kulia, Refresh, bofya kulia, Refresh, kama mtu anayepepea jiko la makaa. Nimewaona hata mafundi wenzangu wakifanya hivyo kabla ya kufungua chochote, na ukiwauliza kwa nini wanakutazama kama umeuliza kwa nini watu hunawa kabla ya kula.

F5 haisafishi RAM, ile kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zilizo wazi. Ukiibonyeza ukiwa kwenye uso wa kompyuta, inachora upya zile picha za faili na folda unazoziona, basi. Ina kazi yake pale umehifadhi faili na haijaonekana mahali ulipoiweka. Kwenye kivinjari inapakia ukurasa upya, na kama unatumia bando la simu, umelipia ukurasa uleule mara ya pili.

Mashine ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, lenye orodha ya programu zote zinazofanya kazi sasa hivi. Bofya neno Memory juu ya safu yake, na zile zinazokula RAM zaidi zitapanda juu. Hapo ndipo mteja huona kivinjari chenye kurasa thelathini kikiwa kileleni, na kelele za F5 zinakoma. Dirisha hilohilo lina sehemu iitwayo Startup apps: ni zile programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha laptopu. Wiki jana nilizima saba kwenye mashine ya RAM ya GB 4, na mwenyewe alidhani nimembadilishia diski. Kumbuka GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Kukubaliwa mlangoni si kupewa kiti.

“Naizima kila jioni”

Hii ndiyo imani nayoipenda kuliko zote, kwa sababu anayekosea hapa amekosea kwa akili timamu. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu ambayo printa ilikataa kuonekana na sauti ilikuwa ikikatika.

“Fundi, hii kitu imeanza kuchoka.”

“Pole, mwalimu. Uliizima lini mara ya mwisho?”

“Naizima kila jioni, kijana wangu. Stima ikianza kuchezacheza naizima hata mapema.”

Nikafungua Task Manager, nikaenda Performance, nikabofya CPU. Chini pale pana maneno Up time, na mbele yake tarakimu zinazohesabu siku, saa, dakika na sekunde. Zilianza na 41. Siku arobaini na moja! Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Hakuwa amenidanganya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mtindo unaoitwa Fast Startup, na kwenye laptopu nyingi unakuja ukiwa tayari umewashwa. Ukibofya Shut down, programu zako zinafungwa kweli, lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Kinaandikwa kwenye diski jinsi kilivyo, na kesho kinasomwa kutoka hapohapo. Ndiyo maana mashine inawaka haraka. Lakini dreva (programu ndogo inayoendesha kifaa kama printa) iliyojikwaa Jumatatu inalala na kujikwaa kwake, na Jumanne inaamka nako. Restart ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza sifuri. Yaani ile tunayodhani ni ndogo ndiyo kubwa.

Kwa hiyo, printa ikipotea, sauti ikikatika au Wi-Fi ikigoma, Restart kwanza, halafu ndiyo umtafute fundi. Kama unataka kuizima kabisa, shikilia Shift wakati unabofya Shut down. Kufunga kifuniko nako si kuzima. Kwa kawaida ni kusinzia tu, na betri inaendelea kuliwa ndani ya begi. Laptopu ya mwalimu ilipona kwa Restart moja. Nilimtoza chai.

“i5 ni i5”

Dukani utaambiwa, “Hii ni i5, ex-UK, safi, iko na Windows 11.” Na ukiiwasha, kweli ni Windows 11. i5 ni jina la prosesa ya Intel, ubongo wa kompyuta. Sasa soma namba inayofuata jina hilo. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-8250U ni kizazi cha nane. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, kwenye mashine za umri huo, ndiyo kizazi. Microsoft ilipotoa Windows 11 tarehe 5 Oktoba 2021 iliweka masharti: kwa Intel, karibu zote ni kuanzia kizazi cha nane, na lazima kuwe na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Laptopu nyingi tunazoziita ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, ziko chini ya hapo.

Basi Windows 11 ilifikaje humo? Fundi alipita dirishani. Kuna njia za kuruka ukaguzi huo, nazijua, na sitasema sijawahi kuzitumia mteja akisisitiza. Ila mteja huyo namwambia ukweli: Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Leo inacheza, na toleo kubwa lijalo huenda lisije lenyewe. Bei ya laptopu hiyo isiwe sawa na bei ya iliyopita mlangoni. Kabla ya kutoa pesa, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, piga Enter, utaona kama TPM ipo na ni toleo gani. Kisha kitufe cha Windows na I, ingia System, shuka hadi About, usome jina kamili la prosesa. Ni dakika mbili. Muuzaji akianza kukuharakisha, una jibu lako.

Na wenye Windows 10, kuna waliokuja hapa mbio wakiamini mashine zao zitazimika zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo Microsoft ilimaliza kuihudumia. Windows 10 inawaka kama kawaida; kilichosimama ni masasisho ya bure ya usalama, na watu binafsi waliwekewa mpango wa kujiandikisha ili waongezewe mwaka mmoja. Hatari inaongezeka taratibu, hasa kwa mtu anayeingia benki kwa mashine hiyo.

“Bando langu linaliwa na watu wa mtandao”

Labda. Lakini kabla ya kupiga simu na kugombana na mtu wa huduma kwa wateja, fikiria Jumanne ya pili ya mwezi. Hiyo ndiyo siku Microsoft hutoa masasisho yake ya kila mwezi, asubuhi kwa saa za kwao Marekani magharibi, ambayo kwetu Nairobi ni saa mbili au saa tatu usiku. Wewe umewasha hotspot ya simu ili mtoto amalize insha, na laptopu inaona Wi-Fi. Mara nyingi haijui kwamba Wi-Fi hiyo ni bando la siku ulilonunua kwenye kiosk. Inaanza kupakua.

Mwambie. Kitufe cha Windows na I, Network & internet, Wi-Fi, fungua mtandao wa simu yako, uwashe Metered connection. Kuanzia hapo masasisho mengi yatangoja na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itapunguza mdomo. Ni mara moja tu kwa kila mtandao, mashine itakumbuka. Ukitaka kumjua mwizi kwa jina, rudi Network & internet, Advanced network settings, Data usage; utaona kila programu na ilichokula.

Wapo mafundi wanaokuuzia suluhisho la kuzima masasisho kabisa, milele. Usikubali. Pumzisha kwa wiki chache, mfumo wenyewe unakuruhusu hadi wiki tano, kisha ipeleke mahali penye Wi-Fi isiyohesabiwa.

“Hizo shortikati ni za wataalamu”

Nikisikia hivi huwa namwonyesha mtu moja tu: kitufe cha Windows na V. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Baada ya hapo kila unachonakili kinakaa kwenye orodha, hadi vitu 25, na unachagua cha kubandika. Mtu anayejaza fomu za iTax au eCitizen siku nzima, akinakili PIN, namba ya kitambulisho, namba ya simu, huyo akishaijua haachi. Lakini angalizo kwa wenzangu wa saiba: orodha hiyohiyo inamwonyesha mteja wa pili nenosiri alilonakili mteja wa kwanza. Kwenye mashine za umma izime.

Windows, Shift na S hukata picha ya sehemu ya skrini unayotaka. Nimeacha kuona watu wakipiga risiti picha kwa simu. Windows na L hufunga skrini unapoenda kununua mandazi. Skrini ikiwa nyeusi ghafla na mashine inanguruma, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B. Dreva ya picha inaanza upya, skrini inapepesa, pengine unasikia mlio. Si kila mara itasaidia, lakini imewahi kuniokoa mbele ya mteja aliyekuwa ameshashika kichwa.

Na hapana, Windows 11 haijaondoa Copy na Paste. Imezigeuza vipicha vidogo juu ya menyu ya kubofya kulia. Ukiikosa menyu ya zamani, chagua faili ubonyeze Shift na F10. Kitufe cha Start kilichohamia katikati nacho kinarudishwa kushoto: bofya kulia kwenye upau wa chini, Taskbar settings, tafuta Taskbar alignment. Kuna mtu aliyelipa shilingi 300 mtaani kwa hilo.

“Bila kraki haifanyi kazi”

Inafanya. Kraki ni programu ya kulaghai Windows ijione imelipiwa. Windows ambayo haijaidhinishwa inaandika maneno ya kukukumbusha kwenye kona na inakunyima kubadilisha mandhari, basi. Kama laptopu ilikuwa na Windows 10 halali na inatimiza masharti, kupanda hadi 11 ni bure. Kraki nyingi zinaanza kwa kukuomba uzime Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows tayari. Mgeni anayekuomba kwanza ufunge mbwa, unajua alichokuja kufanya.

“Nikisahau nenosiri, fundi atafungua”

Zamani ndiyo. Siku hizi inategemea, na hapa ndipo nimewahi kushindwa mbele ya mteja.

Binti wa chuo alikuja na laptopu mpya, mwezi wa tatu tangu ainunue. Mtu fulani alikuwa amegusa mipangilio ya BIOS, ile inayoamka kabla ya Windows, akijaribu kuongeza diski, na sasa kila akiwasha anakuta skrini ya buluu inayodai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima. Ufunguo huo una tarakimu 48. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, mashine nyingi zikiwekwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft, diski inasimbwa yenyewe, yaani inafungwa isisomeke bila ufunguo, bila kumuuliza mtu. Ni ulinzi mzuri: laptopu ikinyakuliwa, mwizi anabaki na chuma tu. Lakini bila ufunguo, hata mimi nabaki na chuma. Hakuna bisibisi ya kufungua hiyo.

Nikamwambia ufunguo huwa unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mwanzo. Aingie kwa simu yake, account.microsoft.com, atafute mashine zake. Akaingia. Hapakuwa na kitu.

“Nani alikuwekea Windows?”

“Kijana wa dukani. Aliniambia iko tayari, niweke tu PIN.”

Tukaenda wote hadi dukani, na duka nitaliacha bila jina. Yule kijana alikuwa na anwani moja ya barua pepe anayoitumia kwa kila laptopu anayouza, ili amalize haraka. Alipofungua akaunti hiyo tulikuta orodha ya mashine inayoteremka hadi nikachoka kusogeza, kila moja na ufunguo wake, za watu ambao hata hawajui kwamba kijana huyu anazo. Bahati nzuri, skrini ya buluu huonyesha kitambulisho cha ufunguo. Herufi nane za mwanzo zinatosha kuulinganisha na ulio kwenye akaunti. Tukaupata karibu na mwisho. Nikasoma tarakimu sita sita, binti akaziandika, akakosea kundi la tano, akarudia.

Ilipowaka, kabla ya kufungua insha yake, nilimwonyesha Windows na I, kisha Accounts. Juu pale palikuwa na jina la kijana wa dukani. Tuliliondoa tukiwa tumesimama palepale kaunta, akaweka lake, na ufunguo akauandika nyuma ya daftari la notisi kwa kalamu nyekundu.