Je, wajua kwa nini mtego mpya haunasi panya usiku wa kwanza?

Umenunua mtego, umetia chambo, ukautega kando ya banda la kuku. Asubuhi chambo kipo vile vile, mayai mawili hayapo. Si kwamba panya hakuuona mtego. Ameuona, ndiyo maana hakuugusa.

Panya hupita njia moja kila usiku, ubavu umegusa ukuta, masharubu yakimwongoza gizani. Angalia boriti chini ya makuti: utaona mstari mweusi wenye mafuta, umepakwa na manyoya yake. Kitu kigeni kikitokea kwenye njia hiyo hukikwepa siku kadhaa, na chakula asichokijua hukionja kidogo tu. Mwenye pupa humzidishia hadhari, kwani aliyebanwa mkia akachomoka ni shida kumpata tena.

Kwa hiyo usitege kwanza. Weka mitego bila kuifyatusha wala kuitega, chambo juu yake, usiku 4 au 5. Chambo kikiliwa usiku 2 mfululizo, tega yote siku moja. Kwa banda la kuku 50, mitego 6 hadi 8 inatosha. Mmoja ni kujisumbua. Chambo kizuri huku kwetu ni nazi iliyochomwa, kipande kama ukucha wa kidole gumba, kifungwe kwa uzi ili panya alazimike kukivuta. Na magharibi uondoe chakula cha kuku. Panya mwenye pumba tele atafuata nini kwenye nazi yako?

Sasa viumbe wengine. Mtego usiofunikwa humvunja kuku kidole, humnasa paka, na mchana kunguru huja kuchokoa chambo. Dawa yake ni sanduku la mbao: urefu sentimita 45, upana 20, kimo 20, kifuniko chenye kitasa. Toboa tundu moja tu la kipenyo cha sentimita 6, kwenye ncha moja, karibu na upande utakaogusa ukuta. Mtego ukae ncha ya pili, upande wa chambo ukielekea tundu. Paka mkubwa haingii, ngawa haingii, na mkono wake haufiki chambo. (Ngawa mwizi wa kuku, kweli, lakini panya pia anawala.) Kama panya wako ni wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili, sanduku lifungwe kwa waya juu ya boriti. Chini utamngoja sana.

Tundu hilo halimzuii kirukanjia, ambaye hula mende na wadudu wengine. Ndiyo maana usitumie dagaa wala nyama: harufu yake inamwita yeye. Kwa wanaofuga karibu na msitu wa Jozani, Unguja, au vichaka vya maweni kuna njule pia, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Yeye hutembea mchana, basi fyatua mitego yote alfajiri, uitege tena jua likizama.

Gundi ya kunasia panya tungeiacha kabisa. Hunasa mijusi na ndege wadogo, nao hufa polepole. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na panya huchukua siku kadhaa kufa. Katika siku hizo hutembea kwa kusuasua, akawa windo rahisi la paka au bundi, na sumu ikahamia kwao. Bundi watu humkimbia kwa kumhofia mkosi, kumbe usiku kucha anawinda panya wale wale wanaokula mayai yako.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, mkojo wake waweza kubeba homa ya mgunda. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, umfukie mahali ambapo kuku hawawezi kuparura. Kwenye maweni, ambako jembe linagonga jiwe tangu pigo la kwanza, mchome moto.