Mlio wa "Good Vibrations" si theremini

Kwa miaka mingi watu wamesimuliana kwamba ule mlio mwembamba unaopanda na kuteleza katika "Good Vibrations", wimbo wa bendi ya Marekani The Beach Boys wa 1966, ni wa theremini, ala ya muziki ya kielektroniki. Sivyo. Theremini haiguswi: mpigaji husogeza mikono hewani karibu na antena. Studioni alikuwepo Paul Tanner, mpiga tromboni, na chombo chake kingine kabisa, ambacho noti hubadilishwa kwa kusogeza kitelezi. Kilibuniwa kiige theremini, kwa hiyo kosa linaeleweka, ila linamnyima Tanner haki yake.

Jukwaani kilitumika kifaa cha tatu: utepe uliotengenezwa na Robert Moog, mbunifu wa ala za kielektroniki. Ni ukanda mrefu, mwembamba. Ukiubonyeza, unagusa ukanda wenye umeme ulio chini yake, na volteji ya mahali pale pale ndiyo inayoamua sauti iwe juu au chini. Telezesha kidole, na sauti inateleza nacho, bila vidato vya kinanda. Moog aliuza pia tepe za namna hii kwa sinthesaiza zake za moduli, yaani ala za kielektroniki zilizoundwa kwa vipande vinavyounganishwa. Hapo utepe wenyewe ni bubu. Unapeleka volteji tu, na osileta, saketi inayozalisha sauti, ndiyo inayolia.