Mwingiliano wa chakula kati ya ndege wa baharini na wavuvi

Mwingiliano wa chakula ni kipimo cha jinsi mlo wa ndege wa baharini unavyofanana na samaki wanaovuliwa na meli. Ni kipimo tu. Wengi wakiona namba kubwa hudhani tayari ndege wananyang'anywa, na hapo ndipo ubishi usioisha huanzia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mlo wa mnandi, kwa uzito, ni sadini 60%, anchovi 30% na ngisi 10%, ilhali meli zimevua sadini 20%, anchovi 50% na samaki wengine 30%. Kwa kila aina chukua asilimia iliyo ndogo, kisha jumlisha: 20 + 30 + 0 = 50, yaani 0.5 kwenye kipimo cha 0 hadi 1.

Kigumu ni kuzipata hizo asilimia za mlo. Mnandi hutapika vidonge vya mifupa iliyomshinda kumeng'enya, na ndani yake mna vijiwe vya masikio ya samaki. Umbo la kijiwe hutambulisha aina ya samaki. Urefu wake hukadiria urefu wa samaki mwenyewe. Lakini asidi ya tumbo huvila vijiwe hivyo, na vidogo huyeyuka kabisa, kwa hiyo samaki wadogo hukosekana kwenye hesabu na waliobaki huonekana wafupi kuliko walivyokuwa. Midomo ya ngisi ni kinyume: hukaa tumboni muda mrefu, ngisi wakaonekana wengi mno. Kupiga picha membe anaporudi na samaki mdomoni husaidia, ila hicho ni chakula cha kinda. Mzazi huenda alikula kingine hukohuko baharini.

Halafu ile 0.5 ichambuliwe. Ndege wakimeza samaki wa sentimita 8 na nyavu zikashika wa 18, hawagombei samaki yuleyule, ingawa wazazi wakivuliwa sana wadogo nao watapungua. Kina nacho kina uzito wake: membe huchota karibu na uso wa maji, pengwini huzama makumi ya mita. Na msimu wa makinda, pengwini hawezi kwenda mbali na kiota, hivyo uvuvi mdogo kando ya kisiwa chake waweza kumuumiza kuliko uvuvi mkubwa wa mbali.

Wingi wa samaki waliobaki ndio huamua madhara. Utafiti uliochapishwa 2011, uliohusu aina 14 za ndege katika mifumo 7 ya bahari, ulikuta kwamba samaki wadogo na krili (viumbe wadogo wa baharini mithili ya kamba) wakishuka chini ya takriban theluthi moja ya wingi wao wa juu kabisa, makinda wanaofaulu kulelewa hupungua.

Namba pia hudanganya pale ndege wanapofuata meli na kula samaki wa chini kabisa wanaotupwa, ambao wasingewafikia wenyewe. Mwingiliano utasoma juu sana, kumbe meli ndiyo inayowalisha. Samaki hao mara nyingi wana mafuta machache kuliko sadini, na kinda anayelishwa hao hukua polepole.