Mji wa machimbo ni mji wa namna gani?

Mji wa machimbo ni mji uliozaliwa na madini. Watu hawakuja pale kwa sababu ya bandari, mto wala njia ya msafara. Walifuata kilichomo ardhini, na karibu kila shilingi inayozunguka, iwe ya mwenye duara (shimo la kuchimbia), ya fundi wa karasha (mashine ya kusaga mawe) au ya mama ntilie, inatoka humo. Kwa hiyo mji haupewi jina hilo kwa kuwa na mgodi jirani tu. Dodoma imezungukwa na madini ya aina nyingi, lakini si madini yaliyoizaa.

Kwa sisi wa Kanda ya Kati, mfano wa karibu wa mwanzo wake ni Winza, wilayani Mpwapwa. Mwishoni mwa 2007 habari za rubi zilisambaa, rashi (watu kumiminika kufuata madini) ikaanza, na 2008 wachimbaji walikuwa wamefika kwa maelfu. Wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka nao wakaja. Rashi huanza hivyo popote: maturubai, mashimo, vibanda vya chakula, na bei ya maji kupanda.

Baadhi ya rashi hugeuka miji kamili. Mwaka 1908, katika jangwa la Namib, Zacharias Lewala, kibarua wa reli, aliokota almasi alipokuwa akiondoa mchanga relini. Wajerumani wakajenga Kolmanskop: hospitali, ukumbi wa dansi, hata kiwanda cha barafu, katika nchi isiyo na maji. Vibarua Waafrika waliookota almasi hizo waliishi kwenye kambi, mbali na raha hizo, na jambo hili lisisahaulike tunaposifu majengo. Almasi nyingi zaidi zilipoonekana kusini, karibu na mto Orange, watu walihama. Kufikia 1956 hakuna aliyebaki, na mchanga umejaa vyumbani.

Johannesburg nayo ilianza kwa rashi, ya dhahabu, 1886. Haikufa, kwa sababu benki, viwanda na biashara vilikua juu ya ile dhahabu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kikubwa: je, mji umepata kazi ya pili kabla mawe hayajapungua?

Sekenke, wilayani Iramba, haikuipata. Anayetoka Dodoma kwenda Mwanza kwa basi huujua mlima wake kwa kona zake kali, lakini wachache wanajua kwamba Wajerumani walichimba dhahabu huko. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipofunga njia za bahari na fedha zikaadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikatengenezwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja una tai, mwingine una tembo mbele ya mlima. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000, mwaka 1916, na leo wakusanyaji wa sarafu wanazinunua kwa bei kubwa mno. Inaniuma kwamba watoto wa Singida na Dodoma wanamaliza shule bila kuonyeshwa hata picha ya sarafu hiyo, ilhali wachimbaji wadogo wa eneo hilo bado wanaitafuta dhahabu ileile.