Sigmoidi ndefu: maana yake na hatari yake

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 1.5. Kipande chake kilichopinda kama herufi S, chini kushoto mwa tumbo kabla ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo), huitwa sigmoidi. Kwa kawaida hufikia kama sentimita 40, lakini urefu huo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kitanzi chake kikirefuka mno hadi kupanda juu ya nyonga, madaktari huiita sigmoidi ndefu, au dolikosigmoidi.

Urefu peke yake si ugonjwa. Wengi huzeeka nao bila kujua, ingawa humpa kazi daktari anayepitisha kamera ndani ya utumbo: kitanzi hutanuka badala ya kamera kusonga mbele, na mgonjwa huumia.

Hatari iko kwenye shina, yaani pale kitanzi kinaposhikiliwa. Koloni (utumbo mpana) inayopanda na inayoshuka kwa kawaida zimeshikamana na ukuta wa nyuma wa tumbo. Sigmoidi inaning'inia kwenye mesenteri, utando unaopitisha mishipa ya damu. Kitanzi kikiwa kirefu na shina jembamba, utumbo unaweza kujisokota. Gesi hunaswa ndani. Vena, mishipa inayoondoa damu, hubanwa kwanza, utumbo ukavimba. Kisha ateri, mishipa inayoleta damu, huziba, nyama ikaanza kufa. Sehemu kadhaa za Afrika Mashariki, Uganda na Ethiopia zikiwemo, hili ni tatizo linalojulikana sana na madaktari wa upasuaji.

Utumbo ukijisokota, tumbo hujaa na kuwa kama ngoma, choo na upepo vyote hukatika. Kutapika huja kwa kuchelewa. Hapa ndipo watu hupotea: huiita "gesi", wakanywa dawa ya kulegeza choo. Dawa hiyo husukuma utumbo uliofungwa na kuzidisha maumivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Eksirei mara nyingi huonyesha kitanzi kikubwa chenye umbo la punje ya buni.

Kama hakuna dalili za utumbo kufa au kutoboka, daktari hupitisha kamera au mrija kupitia njia ya haja kubwa, gesi ikatoka kwa kishindo, na mrija huachwa siku moja hadi tatu. Nafuu hiyo isimrudishe mgonjwa nyumbani moja kwa moja: kitanzi bado kipo na hujisokota tena mara nyingi, kwa hiyo hukatwa katika kulazwa huko huko akiweza kuhimili upasuaji. Tumbo likiwa gumu na mgonjwa ana homa, mrija hauna nafasi. Ni chumba cha upasuaji. Utumbo uliokwisha kufa hukatwa bila kusokotolewa, ili sumu zilizokusanyika zisimwagike kwenye damu.