Harufu ya Mkojo wa Paka Katika Zulia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Mtwara Mjini na Mikindani paka hufugwa kwa ajili ya panya, naye hulala popote anapopenda, mara nyingi juu ya zulia la sebuleni. Siku akikojoa hapo, wenye nyumba husugua kwa sabuni, huchoma udi, na baada ya siku chache huamini kwamba jambo limekwisha. Mvua zinapoanza mwezi wa Desemba harufu hurudi, na paka hulaumiwa kwamba amerudia. Lawama hiyo mara nyingi haina msingi. Mabaki ya mkojo uliokauka ndani ya nyuzi yana chumvi zinazovuta unyevunyevu wa hewa, na hewa ya pwani wakati wa mvua ina unyevu mwingi. Yakishalowana, bakteria huendelea kuyavunja na harufu hupanda upya.

Wengi hudhani kuwa harufu hiyo ni amonia peke yake. Ni kweli kwamba bakteria huivunja yurea iliyomo katika mkojo ikawa amonia, ile inayochoma pua. Hata hivyo paka, hasa dume asiyehasiwa, hutoa pia kitu kiitwacho felinini, ambacho chenyewe hakinuki sana, lakini huvunjika polepole na kuzaa kemikali zenye salfa, na hizo ndizo zinazotoa ule uvundo usiofanana na wa mnyama mwingine. Ndiyo maana siki husaidia nusu tu: huituliza amonia kwa kuwa ni asidi, na zulia hunusika vizuri kwa muda, ilhali felinini iliyobaki inaendelea na kazi yake. Udi na marashi havifiki hata hapo, kwa sababu havigusi chochote kilichomo katika nyuzi. Tena pua ya mwenye nyumba huizoea harufu ya kwake, na mgeni ndiye anayeitambua pale mlangoni.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni kwamba dawa kali ndiyo dawa bora. Klorini ya kufulia nguo nyeupe ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayodhuru mapafu, na chumba kilichofungwa madirisha ni mahali pabaya pa kufanyia jaribio hilo. Zaidi ya hayo hufifisha rangi ya zulia. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji nazo nyingi ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuziondoa mwilini, naye hukanyaga zulia kisha akalamba miguu. Maji ya moto pia hayafai, kwani joto huyashikisha madoa na protini katika nyuzi.

Kosa jingine ni kusafisha uso wa zulia peke yake. Mkojo hushuka hadi kwenye kitako, kwenye sponji iliyotandikwa chini, na hata ndani ya sakafu ya saruji, ambayo hunywa maji. Ukiwa bado mbichi, ukandamize kwa kitambaa kikavu bila kusugua, ubadilishe vitambaa mpaka visilowe tena, kisha usuuze kwa maji baridi. Ukiwa wa zamani, inua zulia, nusa upande wa chini, na usafishe pande zote mbili pamoja na sakafu. Sabuni zenye vimeng'enya (enzaimu) vya kuvunja mabaki ya mkojo ndizo zinazofaa zaidi, ila zinahitaji kulowesha hadi pale mkojo ulipofika na kuachwa kwa saa nyingi zikiwa bado na unyevu. Mtu anayezipangusa baada ya dakika kumi amepoteza fedha yake. Zulia la sufu lijaribiwe kwanza pembeni, kwa sababu vimeng'enya vya kuvunja protini vinaweza kuliharibu. Kazi kubwa ya kulifua zulia zima ni afadhali ifanywe kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, kwani likikauka nusu huota ukungu. Kwa familia ya Kiislamu inayoswali juu ya zulia hilo, ambayo kwake mkojo ni najisi, uangalifu huu una uzito wa ziada.

Wapo pia wanaomsugua paka pua katika mkojo wake wakidhani atajifunza. Hajifunzi chochote ila kuwaogopa watu, na hofu yenyewe humfanya akojoe ovyo zaidi. Dume anayenyunyizia ukuta na mazulia anaashiria mipaka yake, na kuhasiwa hupunguza sana tabia hiyo pamoja na ukali wa harufu. Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia, huku matone machache tu yakitoka au yasitoke kabisa, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Hali hiyo huweza kumuua katika siku mbili au tatu, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na zulia lisubiri.