Mbalamwezi na picha za nyota

Wapenda picha wengi Mbeya na Iringa huamini kwamba usiku wa kupiga nyota ni ule wa mwezi mpevu, kwa kuwa mwanga upo wa kutosha. Inaingia akilini. Mchana si tunatafuta mwanga?

Ila mwezi hauziangazii nyota, zenyewe zina mwanga wake. Unachoangaza ni anga, na nyota hafifu humezwa humo. Ukikaa sebuleni taa inawaka, vimulimuli wa bustanini huwaoni. Izime, wamejaa dirishani.

Jaribu mwenyewe Julai, usiku wa mwezi mpevu, mawingu yakiwa machache. Weka kamera kwenye stendi (hata simu iliyoegemezwa kwenye tofali inafaa), acha lenzi wazi sekunde 15, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 1600, na saa tatu usiku elekeza kwenye kundinyota la Nge, ambalo wakati huo liko juu sana. Rudia usiku usio na mwezi, usibadilishe chochote. Kisha kuza kipande kilekile cha picha zote mbili, uhesabu nyota.

Na huhitaji kusubiri mwezi ufifie kabisa. Baada ya kupevuka huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ya tano hutoka karibu saa tano usiku. Una giza la kutosha kabla yake.

Mbalamwezi nayo nisiisingizie: kwa kupiga Mlima Rungwe wenyewe usiku, mimi siibadilishi na kitu. Ukienda Hifadhi ya Kitulo, beba kitambaa kikavu. Umande hutua kwenye lenzi kabla hujamaliza chai.